Ramani kubwa ya Tanzania ya ukutani: nunua kwa ajili ya katikati, pembeni kaa macho

Nimeendesha malori ya masafa kwenye barabara za nchi hii tangu enzi za Mzee Mwinyi mpaka magoti yalipokataa, kwa hiyo anayeniuzia ramani ya Tanzania ajue anamuuzia nani. Ninayoizungumzia hapa ni ile kubwa ya kutundika ukutani, yenye maelezo pembeni, inayouzwa siku hizi kwenye maduka ya vifaa vya shule na hata begani mwa machinga pale Kariakoo. Katikati nchi yenyewe, kushoto safu ya historia, kulia safu ya serikali, chini vijisanduku vya milima, maziwa, mito na idadi ya watu. Muuzaji alianzia 50,000, tukapatana 35,000. Nyumbani nilisema ni ya mjukuu wa darasa la sita. Mjukuu mwenyewe anaomba ruhusa kuisogelea.

Nianze na bidhaa kama bidhaa. Karatasi ni nene, imepigwa plastiki pande zote mbili, juu na chini kuna fito za kutundikia na kamba tayari. Inafutika kwa kitambaa chenye maji. Maandishi ya katikati yanasomeka ukiwa umesimama hatua mbili nyuma, ila ya pembeni yanataka miwani, hasa ile safu ya historia ambayo walitaka kuishindilia miaka yote mahali pa upana wa kiganja. Kipimo ni sentimita moja kwa kilometa 20, na hicho ni kipimo kizuri kwa ukuta wa sebule. Unaiona nchi nzima kwa mkupuo na bado Makambako ina nukta yake.

Sasa hiyo katikati. Hapa aliyechora anastahili pongezi, maana hakupaka mikoa rangi za peremende kama ramani tulizozizoea madarasani. Amepaka ardhi kwa kimo chake: kijani pwani, manjano kwenye uwanda wa kati, kahawia kwenye nyanda za juu, na weupe kidogo kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Mipaka ya mikoa ni mistari myembamba tu juu ya hizo rangi. Matokeo yake ni kwamba unaona kwa nini barabara zinapita zinapopita.

Angalia kipande cha kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Kwenye ramani ni upana wa ukucha, lakini ndani ya ukucha huo rangi inaruka kutoka manjano hafifu mpaka kahawia. Hiyo ndiyo Kitonga. Chini uko kwenye joto na mibuyu, juu unatafuta sweta, na katikati yake ni gia ndogo, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Nimewahi kumweleza mwanangu mara nyingi Kitonga ni nini asinielewe, ramani hii imemwelewesha kwa rangi tu. Vivyo hivyo Sekenke, ukitoka Singida kwenda Igunga: uwanda unakatika ghafla, unashuka kwenye bonde la Wembere. Ramani nyingi zinaipita Sekenke kama tambarare. Hii haikuipita.

Nikaijaribu kwa uzi. Nililaza uzi wa cherehani juu ya mstari wa barabara kutoka Dar hadi Tunduma, kona kwa kona, nikaunyoosha kwenye rula. Ukasoma sentimita 42 na kidogo, yaani kilometa 840 na ushee. Gari inakula zaidi ya 900. Tofauti hiyo si kosa la mchoraji. Kwa kipimo hiki kona za Kitonga haziwezi kuchorwa zote, wala mizunguko ya Mikumi na milima ya kuingia Mbeya. Nayasema haya kwa vijana wanaotaka kupanga mafuta kwa kupima ramani ya ukutani. Msijaribu.

Kijisanduku cha maziwa ndicho bora kuliko vyote vya chini. Wamechora mkato wa ubavu: Ziwa Victoria pana, kama kilometa za mraba 68,800 kwa jumla tukigawana na Kenya na Uganda, lakini kina chake kama mita 80 tu. Pembeni yake Ziwa Tanganyika, jembamba, limezama mita 1,470. Na wameweka mstari wa usawa wa bahari ukikatiza mchoro, ndipo unapoona kwamba maji ya Kigoma yako juu ya bahari mita mia saba na zaidi, ilhali sakafu ya ziwa iko chini ya bahari kwa karibu kiasi hichohicho. Nimepakia dagaa Kigoma miaka mingi, sikuwahi kulifikiria hilo. Mchoro mdogo kuliko pakiti ya sigara, lakini umeeleza Bonde la Ufa kuliko aya tatu zilizo juu yake.

Ziwa Nyasa wamepitisha mpaka katikati ya maji. Ndio msimamo wa Tanzania, na mimi sina ugomvi nao. Lakini Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, inasema ziwa lote upande ule ni lake mpaka ufukweni kwetu. Nukta moja ya maelezo ingetosha, kwamba mstari huu una mjadala. Mtoto atakayeona ramani iliyochapwa Malawi atadhani mmoja wa wachapaji alilewa.

Kisha wametia kitu ambacho sikukitarajia: njia ya misafara ya zamani, kwa vidoti vya rangi ya chungwa, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo, Tabora hadi Ujiji. Hapohapo juu yake, reli ya kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ukifuatisha kwa kidole unaona kwamba hawakubuni njia, walikanyaga nyayo za wapagazi waliobeba pembe za ndovu na za watumwa waliofungwa minyororo. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 nayo imelala ukanda uleule. Barabara ninayoijua mimi kupitia Dodoma, hali kadhalika. Ukitazama vidoti, reli na lami vikiwa vimelaliana, unaelewa kwa nini Tabora, mji ulio mbali na kila kitu, uliwahi kuwa kila kitu. Kwa nini Mirambo, mtemi wa Urambo, alipigania njia hiyo na Waarabu wa Unyanyembe, yaani Tabora. Kwa nini Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipendelea kujilipua na baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kuwaachia Wajerumani. Yote hayo wameyapata kwa mstari mmoja wa chungwa.

Kwa sababu hiyo safu ya historia iliyo kushoto inanikera. Waliojua kuchora ule mstari ndio haohao, au basi wenzao wa chumba cha pili, walioandika safu ambayo haijui kwamba ina ramani pembeni yake. Inaanza vizuri: fuvu la Oldupai lililopatikana 1959, nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6, Kilwa aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331. Halafu inavuta pumzi moja na kutua 1885 kwa Wajerumani. Kuanzia hapo ni tarehe, tarehe, tarehe.

Vita vya Maji Maji vimepewa mstari mmoja: 1905 hadi 1907, Kinjikitile, maji. Basi. Hakuna alama Ngarambe alikotokea Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya dawa, hakuna alama Umatumbi vilikoanzia, hakuna Songea, mji unaobeba jina la nduna, kiongozi wa vita wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wenzake. Ukiweka nukta hizo tatu kwenye ramani ya katikati, mtoto anaona moto ulivyosafiri kutoka vilima vya nyuma ya Kilwa mpaka Ungoni, na anajiuliza mwenyewe watu wa lugha tofauti na mbali hivyo waliunganaje. Mwaka peke yake haumfanyi mtu ajiulize chochote.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, amepata mistari miwili na picha. Wameandika tarehe ya vita vya Lugalo sawasawa, 17 Agosti 1891, na kwamba kamanda wa Wajerumani, Zelewski, aliuawa hapo. Lakini Lugalo yenyewe haimo kwenye ramani, na iko kando ya barabara kuu, kati ya Ilula na Iringa mjini, kila basi la Mbeya linapita. Utingo wangu wa zamani, kijana wa Iringa, alikuwa akipafikia hapo anapiga honi kwa mkono wangu. Wala hawakutaja kwamba baada ya Lugalo Mkwawa alihimili miaka mingine saba, boma la Kalenga likaanguka 1894, akajipiga risasi 1898, na fuvu lake likarudi nyumbani 1954 tu. Nafasi ilikuwepo. Wameitumia kwa ua la mapambo.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi kwenye safu hii liko chini ya picha ya Kilimanjaro. Wameandika kwamba mpaka wetu na Kenya umepinda pale kwa kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima kama zawadi ya kuzaliwa. Hadithi tamu, nilisimuliwa na walimu wangu pia, na haina ukweli. Mpinda ule umetokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, walipokuwa wanagawana maeneo ya ushawishi: mstari kutoka mdomo wa mto Umba ukapanda ukauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, mlima ukabaki kwa Wajerumani, Mombasa ikabaki kwa Waingereza. Biashara ya watu wazima mezani. Kitu cha kufundishia kikitundikwa ukutani kina nguvu kuliko kitabu, kwa sababu mtoto anakiona kila akinywa uji. Hilo la zawadi nimelibandikia karatasi nyeupe.

Miaka ya uhuru na Muungano iko sahihi, nimeikagua moja moja: Tanganyika 9 Desemba 1961, Jamhuri mwaka mmoja baadaye siku ileile, Zanzibar 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha 1967, CCM 5 Februari 1977, vyama vingi 1992. Vita vya Kagera vimo. Azimio limepewa sentensi inayoweza kuandikwa na mtu yeyote asiyetaka kugombana na yeyote.

Upande wa kulia, serikali. Picha sita za marais, kuanzia Mwalimu mpaka Mama Samia aliyeapishwa 19 Machi 2021, miaka sahihi. Mawaziri wakuu hawamo kabisa, na hapo namdai mchapaji Edward Sokoine. Alifia Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari, na madereva wote wa njia ya Dodoma tunapajua. Marais wa Zanzibar yumo Karume peke yake. Kwa hiyo msomaji hatajua kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi aliongoza Zanzibar mwaka 1984 kabla ya kuja kuongoza Jamhuri 1985, wala kwamba mwanawe Hussein ndiye aliyeshika kiti hichohicho cha Zanzibar mwaka 2020.

Na Zanzibar wameichora vibaya. Mchoro wa madaraka una kisanduku cha Rais juu, mistari inashuka kwa Bunge, Mahakama, Baraza la Mawaziri, halafu chini kabisa, sambamba na mikoa, kisanduku cha Zanzibar. Kana kwamba ni mkoa wa maji. Zanzibar ina Rais wake, ina Baraza la Wawakilishi, ina Katiba yake ya 1984 na Mahakama Kuu yake. Kinachounganishwa ni mambo ya Muungano, yalikuwa 11 kwenye makubaliano ya 1964, leo orodha ya Katiba ina 22: ulinzi, mambo ya nje, uraia, fedha na kadhalika. Elimu ya msingi ya mtoto wa Wete haisimamiwi na wizara ya Dodoma. Mpemba akiingia sebuleni kwangu akaliona lile boksi, chai haitanywewa kwa amani.

Wakati huohuo, kwenye ramani ya katikati, Mafia wameipaka alama ileile ya visiwa vya Zanzibar. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani! Ilihamia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890, ikabaki upande wa Tanganyika. Yaani Zanzibar wameipunguzia cheo kulia, wakaiongezea kisiwa katikati.

Serikali za mitaa nazo wamezinyoosha kwa mstari mmoja: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Aliyewahi kusimamishwa kwenye geti la ushuru wa mazao na shehena ya mpunga anajua kuna mistari miwili. Upo wa serikali kuu, mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya walioteuliwa na Rais, na katibu tarafa chini yao. Na upo wa halmashauri, yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi, mwenyekiti wao, mkurugenzi na watendaji wake, na huo ndio unaokudai ushuru. Unaweza kumpigia simu mkuu wa wilaya usiku kucha, stakabadhi ni ya halmashauri. Halmashauri hizi zilifutwa mwaka 1972 zikarudishwa kwa sheria za 1982, na katika miaka hiyo katikati ndiko kuna somo kubwa kuhusu nani anaamua mambo wilayani. Ramani haina habari nalo.

Mikoa ya katikati ni 31, sawa, 26 Bara na mitano Zanzibar, na Songwe ipo mahali pake. Ila kile kiramani kidogo cha idadi ya watu hapo chini wamekitoa kwenye toleo la zamani: mikoa 30, Tunduma bado iko Mbeya, wakati Songwe ilizaliwa 2016. Juu yake wameandika sensa ya 2022, watu 61,741,120. Takwimu mpya, nchi ya zamani. Dodoma angalau imepewa nyota ya makao makuu kama inavyostahili. Uamuzi ulifanywa 1973, na tuliokuwa tunapeleka saruji kule tuliona wenyewe jinsi ulivyochukua muda kutimia.

Kama unauliza kama simu haitoshi: simu inakuonyesha kona inayofuata. Haikuonyeshi kwamba reli ya TAZARA ya kwenda Zambia, kilometa 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa Wachina, inaiacha barabara kuu baada ya Dar na kwenda kupita Kilombero, kisha vinakutana tena Makambako. Kwenye ramani hii unaliona hilo ukiwa umekaa kwenye kochi, na unaanza kuelewa kwa nini Ifakara ilipata treni kabla ya kupata lami ya maana.

Kwa 35,000 mimi nimeridhika na siirudishi. Kwa 50,000 ningeiacha. Kuna ile ndogo ya elfu kumi isiyo na plastiki, ya mikoa ya rangi rangi. Hiyo inamfaa anayetaka mtoto akariri mikoa basi. Mwalimu anayenunua kwa ajili ya darasa achukue hii kubwa, afunike safu ya kulia mpaka watoe toleo jingine, na nukta za Ngarambe, Lugalo na Dakawa azitie mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, plastiki inaupokea vizuri. Kabla hujalipa mwambie muuzaji aikunjue yote. Yangu ya kwanza kuonyeshwa rangi ya buluu ilikuwa imeteleza kidogo, Ziwa Rukwa likawa limepanda mlimani, na yule kijana alikuwa ameshaikunja nusu ili nisione. Ukutani itundike kwa misumari miwili, si mmoja, fito ya juu ni nyepesi na inapinda katikati.